Sentensi Iliyobandikwa Kabatini

Songea,
8 Novemba 1993

Baba Mdogo Edmund,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Mama huko Maposeni ni mzima pia, isipokuwa mguu wake wa kushoto unaouma kila mawingu yanapokusanyika. Mvua bado. Watu wamemaliza kuandaa mashamba ya mahindi, wanatazama juu tu. Mimi bado nimepanga chumba kile kile cha Majengo, nyuma ya duka la vitenge.

Nakuandikia kwa jambo la kazi, na naomba unijibu haraka. Shirika letu la mahindi linauzwa. Wanunuzi wametaka ripoti ya siri ya kila mfanyakazi iandikwe upya kwa Kiingereza, watu arobaini na mmoja. Wewe uliwahi kuwa karani mkuu wa ofisi hii, unaijua hiyo ripoti ambayo mhusika mwenyewe haoneshwi. Meneja wetu, Bwana Polikarp, ananieleza kwa Kiswahili mtu yukoje, mimi ndiye natafuta maneno. Zile tatu za kwanza zilirudi kutoka Dar es Salaam zimepakwa wino mwekundu. Mpiga chapa aliyeziandika sasa anashona magunia ghalani. Mimi nimewekwa kwenye kiti chake, nami naogopa hata kuigusa taipureta.

Naomba unisaidie haya. La kwanza, lini mtu ni "good at" na lini ni "good with"? La pili, "responsible for" na "responsible to". La tatu, kwa nini "capable" inakataa "to" wakati "able" inaipenda, na zote ni kuweza? La nne, ndani ya mlango wa kabati la mafaili kuna karatasi ya zamani imebandikwa, haina jina la mwandishi, yenye sentensi za mfano. Moja inasema: "He is honest, but not equal to the demands of his post." Naielewa hivi: ni mwaminifu, lakini kazi yake inamwelemea. Ni nzuri sana masikioni. Je, ni ya upole kama inavyosikika? La tano, "careful" na "cautious".

Mama anakusalimu. Anauliza kama mwaka huu utakuja.

Mwanao,
Lidwina


Mbesa, Tunduru,
29 Novemba 1993

Mwanangu Lidwina,

Marahaba. Barua yako nilikabidhiwa na Alfani, yule jirani yangu dereva wa lori la korosho. Alikaa nayo siku tano mfukoni kwa sababu, anasema, iliandikwa vizuri mno juu ya bahasha hata akaogopa kuikunja. Huku korosho zinaokotwa, wanafunzi wangu nusu wako mashambani na nusu waliobaki wanasinzia. Mguu wa mama yako aukande kwa maji ya moto na chumvi.

Sasa tuingie darasani. Mtu ni "good at" kazi aliyoijulia, kama wewe na taipureta. Ni "good with" watu, au kitu kinachotaka mkono wa upole. Mtunza ghala ni "responsible for" ghala, na ni "responsible to" meneja. Ukiyapindua, utakuwa umemfanya mtunza ghala kuwa mlezi wa meneja, na sidhani Bwana Polikarp atafurahi. "Capable" huchukua "of", na kitendo kinachofuata huishia na "-ing". "Able" huchukua "to" na kitendo kitupu. Usiulize kwa nini. Hata wenyewe hawajui.

"Careful" ni mtu anayeangalia asikosee. "Cautious" ni yule anayejihadhari na hatari ambayo bado haijatokea. Wewe tangu utotoni ni huyo wa pili.

Wino mwekundu hauui mtu. Mimi nimeumwaga madebe.

Msalimie mama yako. Kuhusu kuja, tuone barabara itakavyokuwa.

Baba yako mdogo,
Edmund


Songea,
20 Desemba 1993

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mvua imeshuka, na imeshuka yote. Jumapili nilikwenda Maposeni nikamkuta Mama amekwisha kupanda, akitembea kama mguu si wake. Maji ya chumvi yamesaidia. Noeli tutakula kuku mmoja, yule jogoo mwenye ugomvi. Mama amesema amekuwekea paja, kisha akacheka peke yake, kwa kuwa anajua huji.

Ripoti ishirini na sita zimekubaliwa bila hata nukta nyekundu. Bwana Polikarp ameniita "mwalimu" mbele ya watu. Asante sana.

Lakini nilipoipitia tena barua yako, niliona ulijibu la kwanza, la pili, la tatu na la tano. La nne umeliruka. Nadhani ulisahau. Ni lile la "not equal to". Nalihitaji kwa ajili ya Mzee Hironimus, mtunza ghala. Yuko kwenye kazi hii miaka ishirini na mmoja. Akipapasa gunia anakuambia lina uzito gani na mahindi yake yalivunwa mabichi au makavu. Ila fomu mpya za kompyuta zinamshinda. Bwana Polikarp aliniambia, "Huyu mzee mtu mzuri kabisa, fomu tu hizi. Liweke hilo kwa Kiingereza kizuri."

Leo asubuhi mzee mwenyewe alikuja akaegemea meza yangu.

"Karani, umeniandika nini humo?"

"Ni siri, mzee."

"Siri kwangu mimi? Si jina langu hilo?"

"Utaratibu ndio huo, mzee."

"Haya. Basi niandike mrefu kidogo, maana wafupi hawapandishwi cheo."

Tulicheka wote. Zimebaki kumi na tano, na mwisho ni tarehe 15 Januari. Nijibu hilo la nne, Baba Mdogo. Naogopa kukosea.

Lidwina


Mbesa,
6 Januari 1994

Lidwina,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama yako.

Ile sentensi usiitumie. Andika kwamba mzee ni "good with" mizigo, ni "familiar with" ghala, yaani amelizoea, na anahitaji mafunzo ya fomu. Kwa maneno yako mwenyewe. Na karatasi hiyo ya kabatini ibandue uitupe.

Alfani anasubiri mlangoni, siwezi kuandika zaidi.

Edmund


Songea,
21 Februari 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri, mahindi yanafika kifuani. Sina habari nyingine ya nyumbani, na nimeanza nayo kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha, salamu kwanza.

Barua yako imenifikia tarehe 11 Februari. Lori la Alfani lilikwama mbele ya Namtumbo, na alipotoka kwenye tope alirudi kwanza Tunduru. Ripoti nilizipeleka tarehe 14 Januari. Nilijaribu kuandika sentensi yangu kuhusu Mzee Hironimus, nikajaribu mara saba, na kila mara sikuwa na hakika na kile kineno kidogo kinachofuata sifa. Mwishoni nikanakili ile ya kabatini nzima nzima, kwa kuwa nilijua haina kosa.

Ijumaa iliyopita orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Watu tisa wameachishwa. Jina lake ni la nne.

Sikuamini. Nilidhani ni Hironimus mwingine, na hatuna Hironimus mwingine. Nikaingia kwa Bwana Polikarp bila kubisha hodi, mimi, ambaye hubisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

"Bwana, si ulisema mzee ni mtu mzuri?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa wao hawakuja hapa kumwona, Lidwina. Wamekaa na karatasi huko Dar. Wamesoma mstari wa mwisho, basi. Mtu asiyeiweza kazi yake, watamnunua wa nini?"

"Mimi sikumaanisha haiwezi."

"Ndivyo ulivyoandika. Na mimi nilisaini, maana Kiingereza chako nakiamini."

Nikamwomba apeleke marekebisho. Akasema orodha ikishatoka haina mlango wa kurudia, na kwamba mimi ni karani, si hakimu.

Mzee alikuwa ghalani akizivua funguo kwenye pete, moja moja, akiitaja kila moja inafungua wapi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Aliponiona aliuliza jambo moja tu: "Wanasema nimeiba?"

Nikasema orodha haisemi chochote.

"Basi watu watasema," akajibu.

Baba Mdogo, kwa nini hukunijibu mara ya kwanza? Ulikuwa na nafasi. Karatasi ilikuwa na nafasi, nimeitazama, umeacha vidole vinne chini.

Lidwina


Mbesa,
14 Machi 1994

Mwanangu mpenzi Lidwina,

Nimepokea barua yako na nimesikitika. Huku mvua zimeharibu paa la darasa moja, tunafundishia kanisani. Korosho mwaka huu zimepata wanunuzi wengi, kila mtu na mizani yake, na wazee wa hapa hawajui wamwamini nani. Alfani amepata mtoto wa kike, ameitwa Shamimu.

Kosa si lako. Uliandika sentensi sahihi. Nakutumia kamusi yangu, ile kubwa yenye jalada la kijani, uliyokuwa ukiipenda ulipokuwa darasa la sita. Sasa ni yako. Itakusaidia kuliko mimi.

Usijilaumu, na usiyachimbue mambo ya ofisi yaliyopita. Fanya kazi yako.

Baba yako mdogo


Songea,
9 Aprili 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Kamusi imefika. Sijaifungua.

Wenye mali wapya wameagiza mafaili ya zamani yatolewe yachomwe. Nimepewa mimi kuyaorodhesha kabla ya kuchomwa. Jumatano nilifika herufi M. Nilikuta faili jembamba la rangi ya udongo, limeandikwa MAPUNDA, Thadei.

Sikujua kwamba Baba ana faili. Yaani nilijua alikuwa mpokea mizigo hapa, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani pameandikwa. Nilikaa chini, sakafuni.

Ripoti ya siri, tarehe 14 Machi 1978. Mistari minne. Wa mwisho ni ule ule, herufi kwa herufi, hata mkato uko pale pale. Chini yake kuna sahihi mbili, ya meneja na ya karani mkuu, na hiyo ya pili naifahamu tangu nikiwa na miaka saba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ulizokuwa ukinipa Noeli. Nyuma yake kuna barua ya kumwachisha kazi, ya mwezi wa tano.

Siku tatu sikula. Benigna, ninayepanga naye, alidhani ni malaria akanipeleka kupimwa. Hawakukuta kitu.

Unajua Baba alikuwa akija hapa mjini kila mwezi, kwa miguu, kuuliza amekosa nini? Ofisini walimwambia ni siri. Kijijini walisema ni magunia. Mama alimwuliza usiku na mchana alikoyapeleka, na mpaka leo jirani akipoteza jembe hutupa jicho kwetu kwanza. Baba alikufa mwaka 1988 bila kuambiwa. Hukuja kuzika. Uliandika kwamba barabara ilikuwa mbaya.

Baba alizikwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane barabara ya Tunduru ni kavu.

Faili halijachomwa. Nimelitia chini ya godoro, na kwa hilo pia naogopa.

Lidwina


Mbesa,
20 Mei 1994

Lidwina,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Mtoto wa Alfani amekwisha kujua kucheka, na bado nilikuwa naichana.

Mama yako hajambo? Mahindi yamevunwa?

Karatasi ile ya kabatini niliichapa mimi. Mwaka 1977 nilipelekwa kozi ya makarani, mwezi mmoja, na mkufunzi alitusomea sentensi ile. Niliiona kama vazi jipya. Sentensi ndefu, tulivu, na kile "to" kimekaa mahali ambapo sisi tungeweka kitu kingine na kuchekwa. Niliporudi niliibandika kabatini ili makarani wenzangu waige. Nilikuwa najivunia, mwanangu. Ofisi nzima ilikuja kuisoma.

Mwaka uliofuata zilipofika ripoti, meneja wa wakati ule aliniuliza kuhusu Thadei. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini, na watu walisema nawabeba ndugu zangu. Wengine wote nilikuwa nimewasifu. Nikaona nikimsifu na kaka yangu watasema, unaona! Nikatafuta neno la kupunguza kidogo tu. Thadei hakuwa ameelemewa na kitu chochote. Alikuwa akimaliza kazi yake saa nane na kuwasaidia wengine. Niliiandika ile kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu ilinionesha mimi kuwa mtu wa haki.

Mwezi wa tano likaja agizo la kupunguza watu. Walisoma mstari wa mwisho.

Nilienda kwa meneja kama ulivyoenda wewe. Nilijibiwa kama ulivyojibiwa. Tofauti ni kwamba mimi nilinyamaza. Kaka yangu alinijia nyumbani jioni ile, akaniambia, "Edmund, wewe uko ofisini, nichungulilie, wameandika nini juu yangu?" Nikamjibu ni siri. Alinishukuru. Alisema, "Najua ungeweza ungeniambia." Baada ya mwezi mmoja niliomba kazi ya ualimu mbali kuliko zote zilizokuwapo.

Ulipoiandika sentensi ile kwenye barua yako ya kwanza, nilitoka nje nikakaa chini ya paa la jikoni mpaka wanafunzi wakaja kunitafuta. Nililiruka swali lako kwa sababu nilijua nikianza kulijibu sitaweza kuishia hapo.

Sikuombi kitu. Ukitaka kumwambia mama yako, mwambie.

Edmund


Songea,
12 Juni 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mahindi yamevunwa, magunia kumi na manane. Mama alikuja mjini na mguu wake, kuniona.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaenda nyumbani kwa Mzee Hironimus, nikiwa na nakala ya ripoti yake kwenye kikapu chini ya mboga. Nilikuwa naogopa hata mboga zisinisaliti. Nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ni kosa la kazi, unalijua. Wanawe wawili walikuwapo, wale ambao hawasemi naye tangu orodha itoke.

Halafu akasema, "Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee."

"Hakuna gunia humo?"

"Hakuna."

"Nani kaandika hayo maneno?"

Nilitaka kusema Bwana Polikarp. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Mimi. Niliogopa kukosea Kiingereza, nikanakili."

Mwanawe mkubwa alisimama, nikadhani atanipiga. Mzee akamwambia, "Kaa chini wewe, siku zote hizi uliniita mwizi kwa macho, leo umepata sauti?" Kisha akanigeukia mimi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Umenivunja, binti. Sasa kaa hapo uniandikie hayo uliyoyasema. Kiswahili. Na jina lako chini, nikawaoneshe watu."

Kalamu haikukwama hata mara moja. Nilishangaa kuliko wao. Niliandika kwamba mimi, Lidwina Thadei Mapunda, karani, ndiye niliyeandika maneno yaliyomwachisha kazi Hironimus, kwamba hayakuwa kweli, na kwamba hakuna mtu yeyote ofisini aliyewahi kumtuhumu wizi. Nikasaini. Muhuri wa ofisi sikuugusa.

Jumapili aliisoma nje ya kanisa, kwa sauti, mara mbili. Jumatatu Bwana Polikarp aliniita. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni mwandiko wangu, nikakubali, akaniambia nimetoa siri ya ofisi na nikabidhi ufunguo wa kabati. Kabla ya kuukabidhi nilikwangua ile karatasi mlangoni kwa ukucha. Iliacha alama nyeupe. Sasa sina kazi, na usiku bado naamka nikiwa na hofu, lakini si ile ya zamani.

Mzee hajarudishwa. Hatarudishwa. Ila mwanawe mkubwa ndiye aliyetubebea magunia yetu kutoka shambani, kwa kuwa baba yake alimtuma.

Mama sijamwambia. Nilikuwa nimefungua kinywa, nikakifunga. Nikaona si maneno yangu. Amekaa hapa kitandani sasa, anachambua maharage, anauliza naandika kwa nani. Nimemwambia kwa Baba Mdogo. Amesema nikusalimie.

Faili la Baba liko palepale chini ya godoro, yaani Mama amelikalia. Nataka iwekwe ndani yake karatasi nyingine, ya mwandiko wako, ya Kiswahili, yenye jina lako chini, inayosema alikuwaje Thadei Mapunda kazini. Anayetakiwa kuisoma wa kwanza ni Mama, naye anajua kusoma.

Usiitume posta. Usimpe Alfani. Ilete mwenyewe. Barabara imekauka.

Lidwina